Mungu Alikuwa Upareni Kabla ya Leipzig: Kumsoma Isaria Kimambo Kanisani

Kila mwezi wa Desemba sehemu kubwa ya washarika wetu hapa Mbezi Beach hupanda magari kwenda Kilimanjaro na Upareni. Januari wanarudi, na baadhi yao huja ofisini kwa mchungaji na swali ambalo halikuwamo katika mafundisho ya kipaimara. Walifika nyumbani wakakuta ukoo umekusanyika, kondoo amechinjwa, na mzee mmoja amesimama karibu na makaburi akiwataja waliolala pale kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Wengine walisimama pembeni, wengine walikula nyama pamoja na ndugu zao. Je, wametenda dhambi? Na yule babu aliyetajwa, aliyekufa kabla Injili haijapanda ile milima, yuko wapi?

Siku hizi swali hilo limepata mdogo wake. Vijana wetu wanaosoma vyuoni wanasema Ukristo ni dini ya Wazungu, kwamba kila kilicho chema ndani yake kiliibwa Misri ya kale, na kwamba Misri ilikuwa ya watu weusi. Wakiulizwa wamelipata wapi neno hilo, hutaja jina la Cheikh Anta Diop, ingawa wengi wao wamemsikia kwenye simu tu, hawajamsoma.

Diop si mtu wa kudharauliwa. Alizaliwa Senegal mwaka 1923, akasoma Paris, na mwaka 1954 akatoa kitabu kilichodai kwamba ustaarabu wa Misri ya mafarao ulikuwa wa Waafrika weusi. Alikuwa mwanahistoria na mwanasayansi pia. Huko Dakar aliendesha maabara ya kupima umri wa vitu vya kale. Mwaka 1974, katika mkutano ulioitishwa na UNESCO mjini Cairo, yeye na Théophile Obenga wa Kongo walikaa meza moja na mabingwa wa Misri ya kale wakaitetea hoja yao. Hawakuwashawishi wote, lakini hakuna aliyeondoka akisema hawakujiandaa. Alifariki mwaka 1986, na chuo kikuu cha Dakar kinaitwa kwa jina lake.

Nina tatizo moja naye, na si la rangi ya farao. Mtu anayemtafutia Mwafrika heshima mlangoni kwa farao amekwisha kukubali kwamba heshima hukaa kwenye majumba ya mawe na viti vya enzi. Je, Mzaramo aliyepanda minazi hapa pwani, ambaye hakuacha piramidi, tumpe heshima ya kuazima? Msomaji wa Biblia anakwama zaidi. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu hakuwa upande wa wajenzi wa miji ya hazina. Alikuwa upande wa wale waliokanyaga udongo wa matofali.

Ndiyo maana napenda kuwapa vijana jina jingine, la nyumbani. Isaria Kimambo alizaliwa Upareni mwaka 1931. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 1967, na akawa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kufundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Idara ile ilikuwa imeanzishwa na Mwingereza, Terence Ranger, aliyekuja kwetu baada ya kufukuzwa Rhodesia mwaka 1963. Mwaka huohuo profesa mmoja wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alitangaza kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa ila ile ya Wazungu walioingia humo, na kwamba yaliyobaki ni giza. Kizazi cha Kimambo kilifanya kazi huku neno hilo likiwa bado linawasha masikioni.

Jibu la Kimambo halikuwa kwenda Misri. Alirudi kwao. Alipanda Ugweno, Usangi, Mbaga na kwingineko, akakaa na wazee wa koo, akawauliza nani alitawala baada ya nani, nani alihama kutoka wapi, na msitu gani ulikuwa wa nani. Masimulizi ya ukoo mmoja aliyapima kwa masimulizi ya ukoo mwingine, kama hakimu anayesikiliza mashahidi wasioelewana. Matunda yake ni kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya kisiasa ya Wapare kuanzia mwaka 1500 hivi hadi 1900. Mwaka huohuo yeye na Arnold Temu walihariri historia ya Tanzania iliyosomwa na walimu na wanafunzi wengi kwa miaka mingi.

Kiini cha kitabu kile ni Ugweno, Upare ya kaskazini. Hapo zamani, Kimambo anasimulia, nguvu ilikuwa mikononi mwa Washana, wahunzi, watu waliojua kuyeyusha chuma. Na anayetoa jembe na mkuki ana neno juu ya kila mtu. Kisha Wasuya, wakiongozwa na Angovi, wakawapindua. Mranga mwana wa Angovi ndiye aliyeijenga nchi upya. Alipanga utawala na mabaraza, na jando la msituni, lile wanaloliita mshitu, akalifanya kuwa jambo la nchi nzima chini ya utawala mmoja. Kijana hakuwa tena mwana wa ukoo wake peke yake. Akitoka msituni alikuwa mtu wa Ugweno.

Mshipa wa kitabu uko hapa, na ugomvi wangu nacho unaanzia hapahapa. Kimambo alionyesha bila kelele kwamba watu wa milima midogo, wasio na maandishi, walifikiri juu ya utawala, walifanya mapinduzi, walitunga sheria, na walijua kwamba taifa hujengwa kwa kuwalea vijana pamoja. Hakuhitaji piramidi. Mashimo ya wahunzi na miti ya mshitu vilimtosha. Kwa kijana wa Kipare anayekulia Mbezi Beach, asiyejua Kipare na anayeona haya kukisikia kwa bibi yake, kitabu kile ni dawa.

Lakini hebu tazama alichotafuta. Alitafuta dola. Wanahistoria wa Mlimani wa miaka ile waliandika wakati nchi ikiwa na miaka minane tu tangu uhuru, na swali lililowakaa kooni lilikuwa: je, Waafrika waliweza kujitawala? Kwa hiyo kila walipokwenda walitafuta wafalme, majeshi na mabaraza, na walipovipata walifurahi. Rula waliyopimia bado ilikuwa ya Trevor-Roper. Walibadilisha jibu tu, swali wakaliacha kama alivyoliuliza yeye. Kimambo mwenyewe aliliona hili. Katika mhadhara wake wa uprofesa uliochapishwa mwaka 1993, juu ya miongo mitatu ya uandishi wa historia Dar es Salaam, aliipitia kazi ya kizazi chake kwa jicho kali. Ni wachache wanaofanya hivyo wakiwa bado wamekalia kiti.

Mimi naongeza lawama ya mchungaji. Katika habari ya Mranga, mshitu unakuwa chombo cha serikali. Kijana anaingia msituni ili mtawala apate raia. Huenda ndivyo Mranga alivyokusudia. Lakini yule kijana mwenyewe, usiku ule, akiwa mbali na mama yake, alifundishwa nini juu ya mema na mabaya? Mtume Paulo anasema katika Warumi 2 kwamba hata watu wasio na torati wanayo kazi ya torati iliyoandikwa mioyoni mwao, na dhamiri zao huwashuhudia. Mimi naamini mshitu ulikuwa mahali mojawapo ambapo torati ile ilisomwa kwa sauti. Mwanahistoria wa siasa anapita nje ya msitu na kuhesabu wanaoingia na wanaotoka. Mungu alikuwa na jambo lake ndani.

Kwa haki lazima niseme kwamba Kimambo aliingia ndani pia, baadaye kidogo. Mwaka 1972 yeye na Ranger walihariri kitabu juu ya namna ya kuichunguza dini ya Kiafrika kihistoria, na ndani yake Kimambo pamoja na Cuthbert Omari, Mpare mwenzake na mwanazuoni wa Mlimani, wakaandika sura juu ya mawazo ya kidini ya Wapare na mahali pao pa ibada. Kama ningeruhusiwa kuwapa wachungaji wenzangu sura moja tu ya kazi zake, ningewapa hiyo.

Hoja yake ni nyepesi kuieleza na nzito kuibeba: dini ya mababu ilikuwa na historia. Haikukaa mahali pamoja tangu kuumbwa kwa ulimwengu hadi meli ya kwanza ya wamisionari. Kulikuwa na imani katika Muumba, anayeitwa Kiumbi. Kulikuwa na mahali pa matambiko ya koo, na koo zilipohama au kuungana, mahali hapo napo palipata maana mpya. Watu walipotawaliwa kwa namna nyingine, walisali pia kwa namna nyingine.

Pande mbili zinazogombana leo hazitaki kulisikia neno hili. Wamisionari wetu wa kwanza hawakulitaka. Leipzig walifika Shigatini, Usangi, mwaka 1900, na baada ya miaka michache wakawa Mbaga, alikokaa Jakob Dannholz. Dannholz alijua Chasu vizuri na alisikiliza kwa bidii; bila yeye mambo mengi yangepotea. Lakini kitabu chake cha mwaka 1916 jina lake lasema Wapare wamefungwa katika kifungo cha imani ya mizimu, na mtu aliyefungwa hana historia, anangoja kufunguliwa tu. Na vijana wetu wa leo hawalitaki, kwa sababu wanataka kurudi kwenye dini ya mababu. Kimambo anawauliza swali la kistaarabu: mnarudi kwa babu yupi? Yule wa wakati wa Washana, au yule wa baada ya Mranga? Mababu wenyewe walikuwa safarini. Babu wa mwaka 1900 aliyeshuka kwenda Shigatini kusikiliza neno geni hakuwa wa kwanza katika ukoo wake kubadili namna ya kusali.

Hapa ndipo ninapopata jibu la kwanza kwa wale wa Januari. Katika Matendo 14 Paulo aliwaambia watu wa Listra kwamba Mungu hakujiacha pasipo shahidi hata kwa mataifa yaliyokwenda njia zao wenyewe. Aliwapa mvua toka mbinguni na majira ya mazao. Wapare walikuwa na watu wa kuombea mvua. Waliijua njaa, wakajua inakotoka mvua, na wakaomba. Siwezi kulisoma andiko lile halafu nikasema Mungu alifika Upareni kwa meli kutoka Hamburg.

Lakini siwezi kuishia hapo, na hapa naachana na wenzangu wanaotaka kila tambiko libatizwe na kuitwa Agano la Kale la Waafrika. Luther alitofautisha Mungu aliyejificha na Mungu aliyejifunua. Mungu aliyejificha yumo katika mvua na katika ukame pia, katika mtoto anayezaliwa na katika mtoto anayekufa, na mtu akimtazama hapo peke yake hajui kama anapendwa au anawindwa. Woga ule wa usiku, ule wa kuuliza ni nani kati ya wafu amekasirika hata mtoto akaugua, Kimambo hauandiki sana, maana wanahistoria hawaandiki woga. Mchungaji huukuta sebuleni, hapahapa Mbezi Beach, nyuma ya ukuta wenye nyaya za umeme. Moyo wa Mungu twaujua msalabani tu. Nyayo zake ziko milimani kote.

Kwa hiyo huwaambia hivi: kuwataja marehemu kwa majina na kumshukuru Mungu kwa ajili yao si dhambi, sisi wenyewe twafanya hivyo siku ya Watakatifu Wote. Kula nyama na ukoo si dhambi. Kumwomba marehemu aache kukudhuru, au kumnunua kwa damu ya kondoo, hapo umeondoa tumaini lako mahali lilipowekwa siku ya ubatizo wako. Na kuhusu babu wa babu, hukumu yake iko kwa Yule aliyempa mvua. Sikupewa ufunguo wa mlango huo, na mchungaji anayedai anao, mwogopeni.

Turudi kwa Kimambo. Kazi yake nyingine nzuri inahusu Mbiru, ule upinzani wa Wapare dhidi ya kodi ya kukadiriwa kulingana na mali, iliyoletwa na machifu kwa idhini ya Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Aliandika kijitabu juu yake mwaka 1971, na akakirudia kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu Wapare na uchumi wa dunia. Mapema mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani hadi Same, makao ya wilaya, wakakaa pale wakikataa kuondoka. Hawakuja kupigana. Walikaa tu. Viongozi wao, Paulo Mashambo akiwa mbele, waliadhibiwa kwa kuondolewa nchini kwao, lakini kodi ile mwishowe iliondolewa.

Kimambo anatueleza juu ya kodi, kahawa, machifu na bei. Naamini yote hayo. Lakini tazama jina la kiongozi: Paulo. Milima ile kufikia 1945 ilikuwa imejaa watu waliobatizwa, Walutheri na Wasabato. Maelfu waliokaa chini Same lazima Jumamosi ziliwakuta, na Jumapili pia. Ningetoa vitabu vingi kujua waliimba nini. Kwangu hii ndiyo kasoro kubwa ya historia ya Mlimani kwa jumla: ilipoandika juu ya dini, iliiheshimu sana dini ya mababu, lakini Ukristo wa wakulima ikauacha kwa wamisionari, kana kwamba Mpare akishabatizwa anahamia Ujerumani. Hapa wanahistoria wetu na vijana wetu wanaosema dini ya Wazungu wamesimama kwenye kiwanja kimoja bila kujua.

Ushahidi wa kinyume chake umo katika daftari la ubatizo. Wazee wetu wa Kipare na Kichaga wanaitwa Eliamani, Elifuraha, Elinami. Lile Eli la mwanzo ni la Kiebrania, jina la Mungu. Kinachofuata ni cha kwao. Jina kama hilo huwezi kulipata Leipzig wala katika Ugweno ya Mranga. Lilitungwa na watu waliokaa katikati, waliojua wanachokipokea na wanachokibakiza. Wajukuu wao ninaowabatiza leo wanaitwa majina ya wacheza sinema, na wazazi wanaonikabidhi karatasi yenye jina hilo ni walewale wanaolalamika kwamba Kanisa liliua utamaduni. Basi.

Na hapa tulipo je? Mbezi Beach si Upare. Kabla ya kuta hizi palikuwa na mashamba ya minazi na mikorosho, na kabla ya viwanja kupimwa walikuwapo wenyewe. Mbele kidogo kwenye barabara hii ya Bagamoyo, kijijini Bunju, mwanamke Mlutheri kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, alikaa na Wazaramo miaka ya sitini, akajifunza unyago wao, uganga wao na alama zao, akatoa kitabu mwaka 1970. Uhodari ulikuwa wake. Lakini inanisumbua kwamba sisi Walutheri wa Tanzania tulioijaza pwani hii kutoka bara hatujafanya nusu ya kazi ile. Tunajua habari za Ugweno kwa sababu Mpare alizifuata. Juu ya ardhi ambayo madhabahu yetu yamesimama, hakuna aliyeuliza. Vijitabu vya jubilei vya sharika zetu vina picha za wachungaji, orodha ya wazee wa kanisa na gharama ya paa.

Mwaka 2017, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, Kimambo pamoja na Gregory Maddox na Salvatory Nyanto alitoa historia mpya ya Tanzania, badala ya ile aliyoihariri na Temu karibu miaka 50 nyuma. Mtu aliyekwisha kuandika kitabu cha taifa, akaona kimepitwa, akakaa chini kuandika kingine. Kiko kwa Kiingereza, nacho ni kinene. Wale wa kipaimara hawatakisoma mwaka huu. Nimewapa kazi ndogo zaidi: kila mmoja amwulize mtu mzee kuliko wote katika ukoo wake nani alibatizwa wa kwanza, lini, na wenzake walimwambia nini siku ile. Yamerudi majibu 11 kati ya 34. Mmoja ameandika kwamba bibi yake hataki kusimulia kwa simu, anamngoja aje Desemba.